Homa Imepungua, Mbona Mgonjwa Hapati Nafuu?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi na kufanya kazi mijini, ilhali wazazi wao wako mashambani Kitui na Makueni. Habari za ugonjwa huwafikia kwa simu. Siku ya kwanza unaambiwa baba ana homa kali, kikohozi na maumivu ya mwili. Siku ya nne unaambiwa afadhali, ameanza kunywa uji. Unatuma pesa kidogo za dawa, unamshukuru Mungu na kurudi kazini. Siku ya nane simu inalia tena usiku: homa imerudi, baba anahema, na maneno yake hayaeleweki.

Simu hiyo ya pili ndiyo tutakayoizungumzia leo. Watu wengi hudhani kwamba ni ugonjwa ule ule ambao umekataa kuondoka. Mara nyingi sivyo. Huo huwa ni ugonjwa wa pili, uliosababishwa na viini vingine kabisa, na unahitaji matibabu mengine. Asiyejua tofauti hiyo hupoteza siku mbili au tatu akingoja nafuu ambayo haiji, na siku hizo ndizo humgharimu mgonjwa maisha yake.

Viini vinavyonyemelea

Tangu ugonjwa wa Ukimwi uingie nchini, Wakenya wamelizoea jina magonjwa nyemelezi. Haya ni maradhi yanayoletwa na viini ambavyo havimsumbui mtu mwenye afya, lakini humvamia mara tu kinga ya mwili inapolegea. Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba si lazima mtu awe na virusi vya Ukimwi ndipo anyemelewe. Homa kali ya mafua, surua au Korona inaweza kuidhoofisha kinga kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ukatosha.

Ndani ya njia za hewa kuna utando laini wenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivi hufanya kazi ya ufagio. Usiku na mchana husukuma makamasi, vumbi na viini kutoka mapafuni kwenda juu kooni, navyo tukavitema au kuvimeza. Virusi vya mafua huingia katika seli za utando huo na kuziua. Ufagio unakatika, uchafu unabaki chini, na ukuta unakuwa na vidonda. Wakati huo huo zile seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza viini huwa zimechoka kwa kupigana na virusi, na kwa siku kadhaa haziwezi kazi yake ya kawaida.

Hapo ndipo bakteria hupata nafasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika jambo hili walisema kweli. Bakteria wanaoitwa nimokoki, ambao ndio huleta nimonia mara nyingi zaidi, hukaa kooni na puani mwa watu wengi wazima na watoto bila kuwadhuru. Wengine waitwao stafilokoki huishi puani mwa takriban watu watatu katika kila kumi. Hawa hawakutoka mbali. Walikuwa nyumbani wakingoja mlango ufunguliwe.

Funzo la mwaka 1918

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Homa kuu ya mafua iliyoenea ulimwenguni iliingia kwetu kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba 1918, kisha ikapanda bara kwa njia ya reli, ile ile inayopita Kibwezi na Makindu. Ulimwenguni kote ilikufa mamilioni ya watu, na wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza upya vipande vya mapafu vilivyokuwa vimehifadhiwa tangu wakati huo, vya watu 58 waliouawa na homa hiyo. Karibu vyote vilionyesha dalili za nimonia ya bakteria. Kwa maneno mengine, virusi vilivunja mlango, lakini aliyeua alikuwa yule aliyeingia nyuma yake. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kumzuia, kwani penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi katika miaka ya 1940.

Leo dawa zipo. Mtu anayekufa kwa nimonia ya namna hii leo hafi kwa kukosa dawa duniani, bali mara nyingi kwa kuchelewa kuifikia, au kwa kupewa isiyofaa.

Wale wanaomeza dawa kabla ya wakati

Huenda ukasema, basi ni heri kumpa mgonjwa antibiotiki tangu siku ya kwanza ya mafua ili kuwazuia bakteria. Wengi hufanya hivyo. Hununua tembe katika duka la dawa mjini na kuzituma nyumbani kwa basi. Nia ni njema, lakini matokeo si mema.

Antibiotiki huua bakteria tu. Virusi havidhuriki nazo hata kidogo. Ukizimeza mapema, unawaua bakteria wanyonge na kuwaachia nafasi wale sugu, ambao ndio watakaoingia mapafuni baadaye, na tembe zile zile hazitawatisha tena. Isitoshe, baadhi ya bakteria wanaouawa ni wale wema ambao kazi yao ni kuizuia kuvu isienee kinywani na tumboni. Ndiyo sababu mtu aliyetumia antibiotiki nyingi huota utando mweupe mdomoni.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi wa Aprili 2024 kwamba, kati ya wagonjwa waliolazwa hospitalini kwa Korona, ni kama 8 tu katika kila 100 waliokuwa pia na maambukizi ya bakteria. Hata hivyo, kama 75 katika kila 100 walipewa antibiotiki. Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, wengi hawakuzihitaji. Pili, wale wachache waliozihitaji walizihitaji kweli, na kwao ilikuwa ni kufa na kupona. Ni kazi ya mganga kuwatambua kwa kupima, si kazi ya muuza duka wala ya jamaa aliye mbali.

Kuvu, adui asiyetarajiwa

Mbali na bakteria kuna kuvu, yaani ukungu. Mbegu za kuvu ni ndogo kama vumbi na zimejaa hewani. Kila mmoja wetu huzivuta mamia kwa mamia kila siku, na kinga ya mwili huzimaliza bila sisi kujua. Lakini mapafu yakishajeruhiwa na virusi, na kinga ikiwa chini, mbegu hizo zinaweza kuota ndani ya mapafu kama zinavyoota juu ya mkate uliokaa. Inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni kuvu ya jamii ya Aspergillus. Huwapata hasa wagonjwa waliolazwa katika chumba cha mahututi kwa mafua makali au Korona.

Ulimwengu uliyaona mambo haya waziwazi nchini India mwaka 2021. Wakati wa wimbi kubwa la Korona, watu zaidi ya 40,000 walishikwa na maradhi yaliyoitwa kuvu nyeusi. Kuvu hiyo, ambayo ni ya jamii nyingine, huanzia puani, ikala mifupa ya uso, macho, na hatimaye kufika kwenye ubongo. Wengi walikuwa tayari wameambiwa wamepona Korona. Walipochunguzwa, mambo mawili yalionekana tena na tena: wengi walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wametumia dawa za steroidi.

Steroidi ni dawa kama prednisoloni na deksamethasoni. Zina manufaa yake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwezi wa Juni 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Korona waliokuwa wakipumua kwa mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa wale waliohitaji oksijeni. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa hizi huituliza kinga ya mwili na kupandisha sukari katika damu. Akipewa mgonjwa anayehitaji, chini ya uangalizi, humwokoa. Akizinunua mwenyewe kwa sababu zinaleta hamu ya kula au zinapunguza maumivu ya viungo, anaifungulia kuvu mlango kwa mkono wake.

Tahadhari moja hapa. Ikiwa mzee wako amekuwa akitumia steroidi kwa muda mrefu kwa amri ya daktari, au anavuta dawa ya pumu, asiache ghafla kwa kusoma makala haya. Kuacha ghafla kuna hatari yake. Na azungumze kwanza na daktari wake.

Mahindi ya Ukambani na mapafu

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa kwamba kuvu inaua. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika eneo la mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1981, sumu hiyo ilikuwa imeua watu huko Machakos. Mwaka 2004 baadhi ya familia zilikuwa zimevuna kabla ya mahindi kukauka na kuyaweka ndani ya nyumba kwa hofu ya wizi, na joto na unyevu vikafanya kazi yake.

Sumu ile hutengenezwa na Aspergillus flavus, ndugu wa zile kuvu zinazoota mapafuni. Lakini msomaji usichanganye mambo mawili. Aflatoksini ni sumu inayoliwa na kuharibu ini. Haiambukizi, na kupika hakuiondoi. Maradhi ya mapafu tunayoyazungumzia huletwa na kuvu yenyewe ikiwa hai, inapovutwa na pumzi na kuota ndani ya mwili. Mtu anaweza kupata moja bila nyingine.

Hata hivyo, gunia lenye ukungu hutoa mbegu nyingi mno linapotikiswa. Kwa mtu mwenye afya hilo huenda lisiwe neno, ingawa si vyema. Kwa mtu aliyetoka hospitalini juzi baada ya nimonia kali, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia steroidi, au ambaye mapafu yake yaliachwa na mashimo na kifua kikuu, ni hatari isiyo na sababu. Mtu kama huyo asipewe kazi ya kupura, kupepeta wala kufagia ghala. Asilale katika chumba kilichowekwa magunia. Na mahindi yaliyoota ukungu yasitwangwe kuwa muthokoi wala kupewa kuku au ng'ombe.

Kuhusu kifua kikuu kuna neno la ziada. Ugonjwa huo ukipona unaweza kuacha shimo katika pafu, na kuvu ikaja kukaa humo polepole kwa miezi au miaka. Mgonjwa hukonda, hukohoa, na pengine kutema damu. Kila mtu hudhani kifua kikuu kimerudi, na wengine hutibiwa tena ingawa kipimo cha makohozi hakionyeshi kitu. Ikiwa hali ya jamaa yako ni hiyo, muulize daktari waziwazi: je, haiwezi kuwa kuvu? Ziko dawa zake, lakini ni tofauti kabisa na za kifua kikuu.

Dalili ambazo hazingoji kesho

Ukumbuke jambo hili kuliko mengine yote: mafua ya kawaida hupungua na kuendelea kupungua. Mgonjwa aliyepata nafuu kisha akarudi nyuma, hasa kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni hizi:

Homa inayorudi pamoja na kutetemeka kwa baridi. Makohozi yenye rangi ya kutu, usaha au damu. Maumivu makali ubavuni anapovuta pumzi. Kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida. Midomo au kucha kugeuka rangi kuwa ya buluu. Kwa mtoto, kukataa kunyonya au kula, na mbavu kuingia ndani anapopumua. Kwa mwenye kisukari, maumivu au uvimbe wa upande mmoja wa uso, kuona vitu viwili viwili, meno kulegea, au weusi puani na kwenye kaakaa.

Ukiwa mjini na mgonjwa yuko mbali, kuna kipimo unachoweza kukifanya kwa simu bila gharama. Mwambie aliye naye aangalie kifua cha mgonjwa akiwa ametulia, ahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, nawe uangalie saa. Mtu mzima akifikisha pumzi 30 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja ni 50 au zaidi. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili ni 60 au zaidi. Kama kuna kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, oksijeni ikiwa chini ya 90 katika mia ni jambo la dharura, na hata ikiwa chini kidogo ya 94 mgonjwa anapaswa kuonwa na daktari.

Pesa ulizokuwa utume za dawa, zitume za gari. Kaunti ya Kitui pekee ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na kutoka vijiji vya mbali mwendo ni mrefu. Kabla gari halijaondoka, mtu apige simu au aulize kama kituo kinachokusudiwa kina oksijeni na eksirei. Ikiwa hakina, ni afadhali kwenda moja kwa moja hospitali kubwa zaidi, hata ile ya rufaa iliyoko Kitui mjini au Wote, kuliko kupoteza nusu ya siku njiani.

Wakifika, wamweleze mganga mambo matano: ugonjwa ulianza siku gani, ulipungua siku gani na kurudi siku gani, ni dawa gani zimemezwa, pamoja na zile za dukani, na waende na pakiti zake, kama mgonjwa ana kisukari, kama amewahi kuugua kifua kikuu, na hali yake kuhusu virusi vya Ukimwi, au kama hajawahi kupimwa. Sukari ya damu ipimwe hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari. Na damu ichunguzwe malaria pia, lakini msikubali kila homa iitwe malaria bila kupimwa, maana nimonia nyingi hupotelea chini ya jina hilo.

Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Kuzuia kabla ya kuugua

Kinga bora huanza utotoni. Chanjo ya nimokoki imekuwa katika ratiba ya watoto wa Kenya tangu mwaka 2011, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ile ya kuzuia bakteria aina ya Hib ilianza mwaka 2001. Jina lake lina kisa. Bakteria huyu alipatikana na Mjerumani Richard Pfeiffer mwaka 1892 katika makohozi ya wagonjwa wa mafua, akadhaniwa kuwa ndiye chanzo cha mafua yenyewe, akapewa jina la ugonjwa ambao hakuuleta. Alikuwa mnyemeleaji tu, na madaktari wa zamani walimkuta mahali pa tukio.

Chanjo ya surua, inayotolewa katika miezi 9 na 18, ni muhimu vivyo hivyo. Surua hufuta kumbukumbu ya kinga ya mwili, hata mtoto aliyepona akabaki kwa muda mrefu akishikwa na viini ambavyo awali mwili wake ulivijua na kuvishinda. Watoto wengi ambao hufa baada ya surua huuawa na nimonia inayoifuata.

Kwa wazee, dhibiti kisukari, acha sigara, na upunguze moshi jikoni kwa kufungua dirisha au kupikia mahali penye hewa. Moshi wa kuni huukata ule ufagio wa mapafu kama virusi vinavyoukata. Uliza daktari kuhusu chanjo ya mafua kwa mzazi mwenye kisukari, maradhi ya moyo au ya mapafu.

Na mgonjwa akishatoka hospitalini, msimharakishe. Apumzike, ale vizuri, anywe maji ya kutosha, amalize dawa alizoandikiwa na asiongeze nyingine. Kwa wiki mbili baada ya homa kali, awepo mtu nyumbani wa kumwangalia asubuhi na jioni, hata kama yeye mwenyewe anasema amepona.